Upper Darby, Pennsylvania: maoni ya mlipa kodi

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya ankara za kodi, nitazifikia.

Nina ndugu na marafiki ambao kila wakipiga simu swali ni lile lile: tubaki Philadelphia au tuhamie huko kwenu? Nawajibu hapa wote kwa mpigo. Njooni, lakini mjue mnachonunua. Ukichukua nyumba Upper Darby, iwe ya kununua au ya kupanga, hupati kuta na paa tu. Unajiunga na serikali ndogo yenye meya wake, madiwani wake, polisi wake, wazimamoto wake na magari yake ya taka. Serikali ya Washington utaiona kwenye televisheni. Hii utaiona barazani kwako ikikwambia theluji iliyo mbele ya nyumba ni juu yako kuiondoa. Kwa kuwa nailipia, naikagua kama ambavyo mtu angekagua fundi au duka.

Tuanze na mahali. Ukitoka katikati ya Philadelphia kwa treni ya Market Street kuelekea magharibi, unavuka kijito cha Cobbs Creek na treni inaishia 69th Street. Hapo ndipo mlangoni kwetu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 85,681 katika eneo la kama kilomita 20 za mraba. Scranton, ambayo ni jiji kamili lenye jina, ina watu wachache kuliko sisi. Hata hivyo kisheria sisi bado ni taunishipu, ngazi ya serikali ya mitaa ambayo Pennsylvania iliitunga kwa ajili ya mashamba na barabara za mikokoteni. Mgeni akishangaa kwa nini mambo mengine hapa yamekaa upogo, jibu mara nyingi limo humo.

Historia yake inaonekana kwa macho, na hilo nalihesabu kama sehemu ya huduma. Chini kule Creek Road, kando ya Darby Creek, kuna kibanda cha magogo kinachoitwa Lower Swedish Cabin. Kinahesabiwa kuwa cha karne ya 17, enzi za koloni la Wasweden, kabla William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, hajakanyaga hapa mwaka 1682. Baada ya Penn wakaja Waquaker, Wakristo wa dhehebu lake, na familia zao zikagawana mabonde yenye maji ya kuzungusha vinu. Familia ya Sellers ilikuwa mojawapo. Mjukuu wao mmoja, Nathan Sellers, alikuwa fundi wa nyuzi za chuma, na mwaka 1776 Bunge la mapinduzi lilimtoa jeshini arudi nyumbani kutengeneza fremu za kutengenezea karatasi. Vita ilihitaji karatasi: pesa zilichapwa juu yake, na amri ziliandikwa juu yake. Napenda habari hii kuliko zote za majenerali.

Familia nyingine ni ya Garrett. Thomas Garrett alizaliwa hapa mwaka 1789. Siku moja wateka watu walimnyakua mwanamke Mweusi aliyekuwa huru na aliyefanya kazi nyumbani kwa akina Garrett, wakitaka kwenda kumuuza utumwani. Garrett aliwafuata, akamrudisha. Baadaye alihamia Wilmington, katika jimbo la Delaware, akawa msaidizi mkubwa wa watu waliokuwa wakitoroka utumwa, akishirikiana na Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa kisha akarudi kuwatoa wengine. Husemwa aliwasaidia watu wapatao 2,700. Mwaka 1848 alishtakiwa, akatozwa faini nzito, na hakuacha. Ofisi za taunishipu leo ziko 100 Garrett Road. Mimi nikienda kuuliza habari ya kibali cha kujenga uzio, napita juu ya jina hilo, na wengi wanaopita nami hawana habari. Hapo pangefaa kibao kikubwa zaidi.

Sasa sehemu inayoeleza serikali yenyewe. Katika karne ya 19 taunishipu ilikuwa na kazi chache, na kubwa ilikuwa barabara. Vijiji vilivyokua karibu na reli vikataka taa, vijia vya waenda kwa miguu, maji na polisi, na wenye mashamba hawakutaka kulipia anasa za watu wa reli. Sheria iliwaruhusu wanakijiji kujitenga na kuwa mji mdogo unaojitegemea. Wakajitenga kweli: Clifton Heights mwaka 1885, Lansdowne 1893, Millbourne 1909, East Lansdowne 1911. Ndiyo maana ramani yetu ina matundu. Millbourne ina watu 1,200 hivi, unaimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, na ina meya wake na baraza lake. Ukishuka kituo cha Millbourne umeingia serikali nyingine kabisa, na hakuna anayekupigia ngoma kukujulisha.

Kilichobaki nacho hakikubaki shamba. Stesheni ya 69th Street ilifunguliwa 1907, na ghafla mtu angeweza kufanya kazi katikati ya jiji na kulala penye miti. Mjenzi John McClatchy akainua maduka na nyumba za matofali zilizoshikana kuta, mtaa baada ya mtaa. Mwaka 1920 taunishipu ilikuwa na watu karibu 9,000. Mwaka 1930 ilikuwa imepita 46,000. Jumba la Tower Theater lilifunguliwa 1927 katikati ya harakati hizo, na ndilo alilorekodia mwanamuziki wa Kiingereza David Bowie albamu yake ya jukwaani mwaka 1974. Nyumba ninayoishi mimi huko Bywood ni ya kizazi hicho: jiko finyu, ukumbi mdogo wa mbele, na kuta nene kiasi kwamba simsikii jirani hata akiwa na sherehe.

Kwa muda mrefu walioishi humu walikuwa Wazungu karibu watupu, wengi wenye asili ya Ireland na Italia, na serikali ilikuwa ya chama kimoja, Republican. Kaunti nzima ya Delaware, ambayo ndiyo kaunti yetu hapa Pennsylvania na si lile jimbo la Delaware, ilikuwa hivyo, na mtandao wake wa kisiasa ulijulikana jimbo zima. Leo ukipita 69th Street unakuta duka la Wabangladeshi likitazamana na la Wavietnam, na Waliberia wanauza samaki wa moshi na majani ya muhogo. Siasa zilichelewa kufuata idadi ya watu, lakini zilifuata. Uchaguzi wa 2019 ulimleta Barbarann Keffer, mwanamke wa kwanza na Democrat wa kwanza kuwa meya. Mwaka huo huo Democrat walichukua baraza la kaunti, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Januari 2024 akaapishwa Ed Brown, meya wa kwanza Mweusi, aliyekuwa ameongoza bodi ya shule kabla ya hapo.

Muundo wenyewe ni huu. Wakazi walipiga kura mwaka 1974 kujiandikia katiba yao ya mji, na ikaanza kutumika 1976. Jimbo lilikuwa limefungua mlango huo kwa sheria ya 1972. Kuna meya anayechaguliwa na wote, na baraza la watu 11: saba kutoka kata saba, wanne wa taunishipu nzima. Maana yake mimi nina diwani wa kata yangu na wengine wanne juu yake, jumla watano ninaoweza kuwaandikia barua juu ya taa moja iliyozimika. Chini ya meya yuko ofisa mtendaji mkuu, ambaye ni mwajiriwa na ndiye anayejua mambo yaliko. Ukitaka hotuba mtafute diwani. Ukitaka shimo lizibwe, tafuta namba ya idara.

Kikao cha baraza ndicho sehemu ya huduma hii ninayoipenda kuliko zote, na najua nitachekwa. Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo huingia kikaoni na sare, nakaa karibu na mlango, na kuondoka kabla ya mwisho. Wanaanza kwa kiapo cha bendera, majina yanaitwa, akidi inathibitishwa, kisha ajenda. Mwanasheria wa baraza hukaa pembeni, na kila mtu akisema jambo la kushtua macho yote humgeukia yeye. Maegesho ya magari hujadiliwa kwa uchungu kuliko vita yoyote duniani. Kuna bibi mmoja anayekuja na daftari. Akisimama, madiwani hukaa wima.

Jambo ambalo Waswahili wengi huku hawalijui, na ndilo lililonifanya niandike maoni haya, ni kwamba huhitaji kuwa raia ili uzungumze pale. Sheria ya Pennsylvania ya mikutano ya wazi, Sunshine Act, inampa nafasi ya kutoa maoni mkazi au mlipa kodi wa mahali hapo. Haisemi raia. Una green card, unaishi hapa: simama useme. Umepanga chumba: simama useme. Utataja jina, utapewa dakika zako, na maneno yako yataingia kwenye kumbukumbu. Ajenda nayo lazima iwekwe wazi saa 24 kabla, na tangu 2021 baraza haliwezi kuchomeka jambo jipya na kulipigia kura papo hapo, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Ukitaka hati, mkataba au bajeti, unaandika ombi chini ya sheria ya haki ya kujua, na ofisi ina siku tano za kazi za kukujibu au kukueleza kwa nini inahitaji muda zaidi.

Kupiga kura ni habari nyingine, na hapa nazungumza kama dada mkubwa. Usijiandikishe kama wewe si raia, hata mtu akuwekee fomu mbele, hata mashine ya ofisi ya leseni za udereva ikuulize. Mwaka 2017 ilibainika hadharani kwamba mfumo wa leseni wa jimbo hili ulikuwa ukiwapitisha wasio raia kwenye maswali ya kujiandikisha. Mtu anabonyeza ndiyo kwa kudhani ni utaratibu wa kawaida, halafu miaka ikipita anaomba uraia na jibu linakuja na jina la jaji wa uhamiaji. Sema barazani hadi koo likauke. Kura isubiri kiapo cha uraia.

Je, vikao hivyo ni vizuri? Ni vizuri kwa maana kwamba ugomvi uko mezani. Mwaka 2022 baraza na ofisi ya meya vilivutana hadharani juu ya utunzaji wa fedha za msaada wa korona kutoka serikali kuu, zaidi ya dola milioni 40, na madiwani wa vyama vyote viwili walijikuta upande mmoja wakidai maelezo. Kelele zilikuwa nyingi. Lakini nimeishi mahali ambapo fedha za mji huzungumzwa kwa kunong'ona, na nachagua kelele.

Sasa ankara. Mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi na majengo kwa watu watatu: kaunti, taunishipu na wilaya ya shule. Zote hupigwa kwa kipimo kinachoitwa mili, yaani dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani iliyokadiriwa. Nyumba ikikadiriwa dola 150,000 na kiwango kikiwa mili 10, unadaiwa dola 1,500. Hesabu si ngumu. Ugumu ni kwamba viwango ni vitatu, vinapangwa na mabaraza matatu, na ankara haziji pamoja: ya kaunti na ya taunishipu huja mwanzoni mwa mwaka, ya shule huja kiangazi kwa sababu mwaka wao wa fedha unaanza Julai 1. Ya shule ndiyo kubwa kuliko zote.

Na hapo ndipo watu hupigana na mlango usio wao. Wilaya ya shule si idara ya taunishipu. Ina bodi yake ya watu tisa, na mipaka yake inajumuisha Clifton Heights na Millbourne. Unaweza kumlaumu meya kwa ankara ya shule mpaka kuku waote meno. Hana mkono ndani yake. Thamani ya nyumba nayo hukadiriwa na kaunti, si taunishipu, na makadirio mapya ya kaunti nzima yaliyoanza kutumika 2021 yalikuwa ya kwanza kwa miaka kama 20. Walioamka na thamani iliyopanda walipaswa kukata rufaa kaunti.

Ningetamani ukurasa mmoja tu, hata wa karatasi ya kawaida, wenye jumla ya yote matatu na jina la aliyepanga kila kiwango. Sheria hailazimishi, basi kila mmoja anatoa chake. Ndiyo nyota niliyoizuia, na sijui kama ni haki kuwanyima Upper Darby peke yao wakati karibu jimbo zima liko hivyo.

Orodha ya mambo ambayo taunishipu haiyafanyi ni ndefu kuliko mgeni anavyodhani. Maji ni ya kampuni, Aqua. Umeme ni wa kampuni ya PECO. Treni na tramu ni za SEPTA, shirika la usafiri wa umma la eneo hili. Simu ya dharura ya 911 hupokelewa na kaunti. Afya ilikuwa kioja: kaunti hii ya zaidi ya watu nusu milioni haikuwa na idara yake ya afya hadi 2022, na korona ilipoingia ilibidi kaunti jirani ya Chester iwasaidie. Taka zako zinakusanywa na taunishipu, ndiyo, lakini huishia kwenye tanuru lililoko mji wa Chester, ulio ndani ya kaunti yetu na si ile kaunti ya jirani, ambako wanaoishi karibu na moshi ni wengi Weusi na maskini na wamelalamika miaka na miaka. Hilo halimo kwenye ankara, ila nadhani anayetupa taka anapaswa kujua zinakokwenda.

Mshahara nao una mambo yake. Ukifanya kazi Philadelphia, jiji litakukata zaidi ya asilimia 3 ya mshahara hata kama unalala huku, kwa nguvu ya sheria ya 1932. Wengi huhama wakidhani wameikimbia kodi hiyo. Umeikimbia tu kama na kazi umeihamisha.

Ili nisionekane mwenye mapenzi ya upofu, nilinganishe. Kabla ya hapa niliishi taunishipu nyingine ya Pennsylvania, ambayo sitaitaja, yenye wasimamizi watatu na ofisi inayofungwa mapema. Nilikwenda kuuliza kuhusu kibali cha ngazi ya nyuma, nikaambiwa nirudi siku anayokuja mkaguzi, na siku hiyo hakuja. Kulikuwa kutulivu, kodi ilikuwa nafuu, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Hapa kodi inauma zaidi, lakini kuna kaunta, kuna idara ya leseni na ukaguzi, na kuna watu wanaoshinda humo siku nzima.

Maktaba ya Sellers ni nzuri, nenda na watoto. Tramu za kwenda miji ya Media na Sharon Hill zinafaa sana kwa asiye na gari, ingawa theluji ikizidi usiziwekee nadhiri. Programu ya maigizo ya vijana ya kiangazi, Summer Stage, imekuwepo tangu 1976, na mchekeshaji Tina Fey aliyesoma hapa alipita humo. Kwa mtoto mwenye mdomo kama wangu hiyo ni huduma tosha.

Jambo moja la mwisho kwa anayetafuta nyumba: usiamini anwani. Posta haifuati mipaka ya serikali. Kuna nyumba zilizoandikwa Lansdowne au Clifton Heights ambazo ziko Upper Darby, na Drexel Hill unayoiona kwenye matangazo si mji wenye serikali yake, ni sehemu ya taunishipu hii hii. Dalali atakwambia jina linalouza. Wewe fungua rekodi za ardhi za kaunti, tafuta nyumba yenyewe, soma mstari wa manispaa, kisha chukua viwango vyote vitatu upige hesabu kabla ya kusaini. Ukiweza, ingia kikao kimoja cha Novemba au Desemba, wakati bajeti ya mwaka unaofuata inapigwa danadana. Kwa kawaida anayelipa ndani ya miezi miwili ya mwanzo hupunguziwa asilimia 2, na anayepitisha miezi minne huongezewa adhabu, basi jua kama ni wewe au benki yako inayolipa. Na ukishakabidhiwa funguo, jaza fomu ya homestead, inayopunguza kodi ya shule kwa fedha za kasino za jimbo. Ipeleke kaunti kabla ya Machi 1. Garrett Road watakuelekeza kwa adabu, lakini hawaipokei wao.